Swali Ambalo Fomu Haikuuliza

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha watoto wachanga, hapa Lubumbashi, nilifika na kalamu tatu na kiburi cha diploma mpya. Profesa, mkuu wetu wa utafiti, hata hakunisalimia. Alinisimamisha mbele ya mtoto wa siku nne, ngozi na macho ya manjano, akaniambia nifumbe macho.

"Docteur, sikiliza kwanza. Kilio njo itakuambia kama bongo iko naguswa."

Kilikuwa kilio chembamba, kikali, kisichopumzika. Nyinyi vijana wa leo mna mashine. Sisi wakati ule tulikuwa na masikio. Profesa alinieleza kwamba damu ya mtoto inapovunjika kwa wingi hutoa rangi iitwayo bilirubini, na rangi hiyo ikizidi hupenya mpaka kwenye ubongo na kuuharibu. Taa ya buluu huipunguza. Ikishindikana, tunabadilisha damu ya mtoto kidogo kidogo, kwa sindano. Ukichelewa, anaweza kuishi asisikie tena, na mwili ukakakamaa.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta sababu. Nilikuwa na fomu ya kurasa nne: kundi la damu, homa ya mama, dawa za kienyeji, uchungu ulichukua muda gani. Akina mama wengi hawakuwa na jibu, nami niliwakasirikia kana kwamba wananificha kitu.

Mwaka wa kumi na tano wa kazi, mdogo wangu wa mwisho, Béatrice, alijifungua mvulana, Héritier. Siku ya nne alinipigia simu. Kabla hajamaliza kusema nilikisikia kile kilio nyuma ya sauti yake. Tulibadilisha damu, lakini tulikuwa tumechelewa. Héritier hakuketi, hakusikia. Béa, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, aliniuliza mara moja tu: "Yaya, ni nini ilimufanya mutoto wangu hivi?" Nilimjibu kwamba hatujui bado. Wakati ule ilikuwa kweli.

Miaka miwili baadaye Profesa alinituma Kasenga, mji wa mtoni, niandikishe watoto wa manjano wa kule. Mkunga mmoja wa makamo alisoma fomu yangu taratibu, akasema nimesahau kuuliza manguo.

"Hawa batoto ba manjano, miye ninasikiaka harufu ya naftalini mu manguo yabo."

Nilitaka kumcheka. Kumbe sababu ndiyo hiyo. Nguo za mtoto mkubwa hufungiwa sandukuni na vidonge vya naftalini, wadudu wasizile, kisha mdogo huvishwa bila kufuliwa. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe za damu. Mvuke ule ukiingia mwilini mwao, damu inavunjika.

Jioni ile nilikumbuka. Nguo za Héritier zilitoka kwenye sanduku langu. Nilizitunza tangu zilipomkaa ndogo mwanangu wa mwisho, naftalini kila kona, nikampa Béa nikijisifu kwamba hazina hata tundu moja.

Niliporudi na habari hiyo, Profesa alifurahi mno, akanipa kazi ya kufundisha akina mama wajawazito kila Jumatatu: tupa vidonge, fua nguo mara mbili, anika juani. Nilifundisha karibu miaka ishirini. Kwa Béa sikusema. Niliogopa, basi, sina neno zuri zaidi.

Wiki niliyostaafu nilienda kwake nikamweleza yote, nimesimama jikoni na mkoba begani. Aliendelea kusonga bukari, ugali wetu.

"Miye najua, Yaya. Ile mwaka nilikuwa na mimba ya Clarisse, mudogo wa Héritier, nilikuya ku mafundisho yako. Nilikaa ku banc ya nyuma. Nilisikia yote."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Juu ni weye njo ulipashwa kuniambia. Nilikungojea mupaka hasira ikaisha. Sasa niko tu muchovu."

Akanipa sahani ya Héritier. Ni mwanaume mzima sasa, kichwa kimelala begani. Nilijaza kijiko, nikakipeleka mdomoni, akapaliwa. Béa akanishika mkono: kwanza ulainishe bukari kwa mchuzi, kisha umguse shavu, ungoje ameze. Ubongo wa watoto ndiyo kazi iliyonizeesha, na huyu nilikuwa sijawahi kumlisha hata siku moja.