Utepe Mwekundu wa Meneja

Mshonaji wa mtaa wa nyuma aliingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa, na kabla hajakiweka mezani Daktari alishajua kwamba siku imeanza vibaya. Ndani alilala paka wa kijivu, uso umevimba, anahema mdomo wazi. Daktari alimwinua mdomo akatazama fizi. Zilikuwa zimegeuka rangi ya matope.

"Umempa nini, mama?"

"Sijampa kitu, Daktari."

"Mama, nakuuliza tena. Umempa nini?"

Mshonaji akajifuta jasho shingoni. "Nusu kidonge tu. Cha maumivu, hivi tunavyomeza sisi. Alikuwa na homa, nikamwonea huruma."

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akaanza kazi. Aliweka dripu, akachoma sindano, akamfunika paka kwa taulo. Kabla ya saa sita paka alikuwa amekufa, na mshonaji analia kwa sauti akisema laiti angejua. Daktari alimshika bega. Moyoni alikuwa anatokota. Tangazo la kwamba vidonge vya binadamu ni sumu kwa paka alikuwa amelibandika kwa herufi kubwa ukutani nje ya mlango, na chini yake palikuwa na benchi ambalo mshonaji huyohuyo alilikalia mwezi uliopita, akalisoma kwa sauti na kusema, "Loo, makubwa!"

Ndivyo zilivyokuwa siku zake. Kliniki ilikuwa chumba, stoo ndogo na ua wa nyuma, imebanwa kati ya saluni na duka la vifaa vya ujenzi. Upande huu harufu ya rangi ya kucha, upande ule vumbi la saruji. Watu waliingia wakauliza misumari. Wengine walileta mbwa aliyeacha kula tangu wiki mbili nyuma, wakataka apone kabla hawajamaliza kunywa soda. Mwenye bucha alifunga mbwa wake kwa waya mpaka waya ukazama shingoni, kisha akashangaa usaha umetoka wapi. Daktari aliwaeleza, akarudia, akarudia tena mpaka koo likamkauka. Mara nyingi alihisi anampigia mbuzi gitaa, na wale mbuzi halisi aliowatibu walikuwa wasikivu zaidi.

Lakini hao wote walikuwa watu baki. Aliyemshinda kabisa alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule kwa muda mrefu wa maisha yake, amezoea kuamrisha watoto mia kwa mwiko mmoja, na kustaafu hakukumpunguza. Aliishi mitaa michache kutoka kliniki pamoja na mwanawe mkubwa, fundi umeme, mtu mpole ambaye hajawahi kushinda ubishi hata mmoja ndani ya nyumba ile. Daktari, bintiye, mama alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wake, na hata mbele ya wateja hakumwita Daktari.

"Nilikusomesha uwe daktari," alipenda kusema, "ukaenda kutibu wasioweza hata kusema wanaumwa wapi."

"Bora hao, Mama. Wanaosema wananidanganya."

Nyumbani kulikuwa na mbwa wa kahawia, sikio moja limelala, aliyeitwa Meneja. Alipewa jina hilo kwa sababu alizunguka uani asubuhi kukagua kila kitu, kisha akalala kivulini bila kufanya kazi yoyote. Mama alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alimtengea chakula kabla ya kumtengea fundi umeme, na mtu akilalamika alijibu kwamba fundi ana mikono ya kujipakulia.

Mwaka wa kwanza wa mbwa huyo Daktari alimchanja mwenyewe, chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa akalala siku nzima, akakataa chakula cha jioni, kesho yake akawa mzima. Kwa mama, hiyo ilitosha.

"Sindano yako imempunguza sauti. Siku hizi habweki vizuri."

"Anabweka sawasawa, Mama."

"Wewe unaishi naye? Mimi ndiye ninayemsikia."

Tangu hapo ikawa vita. Meneja alipopata ukurutu, mama alimpaka oili chafu ya gari, na Daktari alimkuta uani anang'aa mweusi kama kiatu kipya, ngozi imebabuka. Alimwosha mwenyewe mpaka mgongo ukamuuma, huku mama amesimama mlangoni akisema kwamba zamani mbwa wote walipakwa oili na hawakufa. Daktari alitaka kumjibu kwamba walikufa, ila hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu. Akamwaga maji mengine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyofundishwa, na mkuu wa uani pale alijulikana.

Kisha ikaja kampeni ya chanjo ya mtaa mzima. Mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule, wachanjwe bure, na kila aliyechanjwa avalishwe utepe mwekundu shingoni ili ajulikane. Daktari alipangiwa kituo cha upande wa pili wa mji. Akamwomba kaka yake ampeleke Meneja.

"Kaka, nakusihi. Hata akigoma, mbebe."

"Nitambeba," fundi akasema.

Jumapili iliyofuata Daktari aliingia uani akamwona Meneja anakagua ndoo, utepe mwekundu umefungwa shingoni kwa fundo zuri. Furaha aliyoipata ilimshangaza mwenyewe. Alimkumbatia mama yake, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, na mama akajiondoa taratibu akisema chai inaungua. Daktari alicheka. Chai haiungui, lakini siku ile hakutaka kubishana.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu yake ikalia akiwa katikati ya kumshona mbwa jeraha. Alikuwa kaka yake, anahema.

"Kitinda, njoo. Kuna mbwa wa mtaani ameingia uani, amepigana na Meneja. Majirani wamemuua huyo wa mtaani. Lakini hakuwa sawa yule. Alikuwa anang'ata hata ndoo."

"Kuna mtu aliyeng'atwa?"

"Mimi. Kidogo tu, mkononi, nilipokuwa nawaachanisha."

"Kaka, weka simu chini. Nenda bombani, sabuni na maji yanayotiririka, oshaosha mpaka nifike. Usifunge kidonda."

Alimaliza kushona kwa mikono iliyotulia, kwa kuwa mikono yake ilijua kazi, kisha akakimbia. Alimkuta kaka yake bombani, mkono una povu hadi kiwikoni. Mama alikuwa amekaa kizingitini, kichwa cha Meneja mapajani, anamfuta damu kwa viganja vitupu vilivyopasukapasuka kwa kufua.

"Mama, mwache huyo mbwa! Mwache sasa hivi, nenda kaoshe mikono."

"Anaumia, huoni?"

"Naona. Afadhali tu kwamba amechanjwa. Tutamwongezea nyingine leo, tumwangalie, na Mungu akijalia..." Alikatiza. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Kaka yake aliangalia povu. Mama aliangalia sikio la Meneja. "Mbona mmenyamaza?"

"Mwambie, Mama," fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Aniambie nini?"

Mama akaugusa ule utepe, ambao sasa ulikuwa umechafuka kwa matope na damu. "Huu," alisema, "ni wa keki."

"Wa nini?"

"Wa boksi la keki. Ya harusi ya binti wa jirani. Niliona utaacha kunisumbua."

Kila siku Daktari alidai uthibitisho wa chanjo kwa kila mtu aliyeingia kliniki, hata kwa padri, na kwao hakuuliza swali hata moja. Akamgeukia kaka yake. "Na wewe? Uliniambia utambeba."

"Nilimbeba. Mama alinikuta getini, akaniambia nimshushe."

Angepiga kelele, lakini kelele hazikuwa na wa kuzisikia. Alivaa glavu, akamtia Meneja ndani ya kreti ya kubebea wanyama, akawapakia mama na kaka kwenye teksi hadi hospitali. Huko mama alimgombeza nesi kwa sindano za mfululizo zilizompasa, akataka kujua kwa nini achomwe yeye wakati aliyeng'atwa ni mbwa. Nesi alimtazama Daktari kwa macho ya kuuliza. Daktari akasema, "Mchome tu, dada. Akigoma niite nimshike." Kidogo alitamani agome.

Maabara ilithibitisha kwamba yule mbwa wa mtaani alikuwa na kichaa. Ile chanjo ya mwaka wa kwanza ilikuwa imeshaisha nguvu, na kanuni ya kazi ilijulikana: mbwa asiye na chanjo akishang'atwa hivyo, ama analazwa usingizi asiamke, ama anatengwa kwa miezi bila kuguswa na mtu. Mteja mwingine yeyote Daktari angemshauri lile la kwanza, tena kwa sauti ya upole aliyojifunza shuleni. Kwa Meneja alisafisha banda la mwisho la ua wa nyuma, akaweka kufuli mbili, na funguo akazivaa shingoni mwake.

Mama alikuja kila alasiri. Hakuruhusiwa kuingia, basi alisimama nje ya dirisha lenye wavu na kumsimulia Meneja habari za nyumbani: nani kapita, panya yule kaonekana tena, fundi kaunguza wali. Meneja alisikiliza sikio moja limesimama. Kwa binti yake mama hakusema pole wala samahani. Alisema banda ni dogo. Siku nyingine alisema maji hayana baridi. Daktari alibadilisha maji huku akisaga meno.

Wiki zikasogea, na Daktari akaanza kuthubutu kuwa na matumaini. Halafu asubuhi moja alisikia bweko la ajabu kutoka nyuma, la kukwaruza, kama la mbwa mwingine. Meneja alikuwa amesimama pembeni, taya limelegea, mate yanachuruzika. Alipomsogezea bakuli la maji kwa fimbo, alirukia fimbo, kisha akazing'ata nondo za banda mpaka fizi zikatoka damu.

Mama alipofika alasiri ile, Daktari alimsubiri nje. Hakumzuia kufika dirishani.

"Meneja," mama akaita. "Meneja, mimi hapa."

Mbwa aliirukia sauti ile kwa nguvu zote, nondo zikatikisika. Mama alirudi nyuma, mkono mdomoni. Daktari alikuwa na maneno mengi, ameyatunza tangu siku ya keki, ameyapanga vizuri usiku na mchana. Alitazama mgongo wa mama yake, jinsi ulivyokuwa umepinda kuliko alivyokumbuka, akaenda kusimama kando yake.

"Hanijui," mama alisema.

"Hakujui, Mama. Si kosa lake."

"Anaumia?"

"Anaumia sana."

Mama akafuta uso kwa ncha ya shali yake. "Basi fanya kazi yako, Kitinda. Mimi sitaondoka."

Alimchoma dawa ya usingizi kwa sindano iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, akasubiri hadi alipolala kabisa, ndipo akavaa glavu nene na kumchoma ile ya mwisho. Mama alibaki dirishani hadi mwisho. Daktari alipomaliza, mama aliomba utepe, akaambiwa vitu vyote vya yule mbwa lazima vichomwe. Hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mtu angedhani hapo mambo yangebadilika. Baada ya siku chache Daktari alipita saluni ya jirani, akasikia msusi anampa pole.

"Mama yako katusimulia, masikini. Kwamba ulikuwa na shughuli nyingi za wateja, ukachelewa kumchanja mbwa wa nyumbani kwenu."

"Kasemaje?"

"Kwamba ulichelewa. Ndiyo maana tunaogopa. Kama hata daktari amefiwa na mbwa, sisi je?"

Daktari alirudi kliniki akafunga mlango wa stoo, akaupiga teke mfuko wa chakula cha kuku, teke lililomuumiza yeye kuliko mfuko. Alimpigia simu kaka yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa unataka nimwambie nini? Mimi mwenyewe siku hizi ananiambia kwamba ni mimi niliyesahau kumbeba."

Daktari akaazimia kulimaliza jambo hilo mbele za watu. Siku ya chanjo iliyofuata ilifanyikia palepale kliniki, na alidhani watakuja wachache kama kawaida. Alipofungua mlango asubuhi aliukuta msururu umeanzia benchini, umepita saluni na duka la saruji hadi kwenye kona. Mbwa wa kamba, mbwa wa minyororo, paka ndani ya ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa. Mwenye bucha alikuwepo, mbwa wake kavaa ukosi wa ngozi. Mshonaji alikuwepo na paka mchanga kifuani.

Na katikati ya benchi, chini ya tangazo la vidonge, alikaa mama yake, anapanga watu kwa kidole.

"Wewe mwenye ndoo, nyuma. Usimfungulie paka hapa. Wewe baba, mshike mbwa kwa ukosi, si kwa mkia. Ndiyo, wa kwangu alikufa. Alinirukia mimi, mimi niliyemlea! Binti yangu alichelewa siku chache tu. Siku chache! Kwa hiyo mtu asiniambie atakuja wiki ijayo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wa mbwa alimkumbatia mnyama wake zaidi, akasogea mbele.

Daktari alisimama mlangoni, sindano mkononi, damu imempanda kichwani. Alifungua mdomo. Mama akageuka akamwona, akanyanyua kidevu kama aliyekuwa akiwasubirisha watoto wa shule kupakuliwa, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa kiburi, ingawa kilifanana nacho sana.

"Unangoja nini?" mama akasema. "Watu wamekaa hapa tangu alfajiri."

Daktari aliutazama msururu hadi kwenye kona.

"Haya," akasema. "Nani wa kwanza?"