Maombi Kabla ya Ukaguzi

Kila nikienda soko la Othaya mnanishika mkono, ati cucu, bibi yetu, andika kile kisa cha ukumbi. Kwani mlikuwa wapi kilipotokea? Haya.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimejengewa ukumbi wa kukodisha. Siku ya makabidhiano kontrakta alikuja na pasta. Kabla hatujakagua hata mlango, jengo likaombewa, nasi tukasema amina. Ndipo kontrakta akamnyooshea mwenyekiti wetu kalamu na cheti cha kukamilika kwa kazi.

"Weka sahihi, mama. Nyumba imeshabarikiwa. Nani atakosoa kazi ya Mungu?"

Akisaini, kontrakta analipwa, anaenda zake. Mwenyekiti hakuwa na pima maji ya fundi ya kupimia usawa wa sakafu; akachukua birika la kunawia mikono, akamwaga maji sakafuni. Badala ya kutoka nje, maji yakaupa mlango mgongo, yakaenda kutulia chini ya kiti cha pasta. Pasta akainua viatu.

"Hiyo ni kasoro ndogo," kontrakta akasema. "Mkataba unanipa miezi sita ya kurekebisha."

"Miezi sita ni ya nyufa zitakazokuja baadaye," mwenyekiti akamjibu. "Hii umekuja nayo. Mungu tumemwambia amina. Wewe bado."

Mimi sikusoma sana, lakini anayekimbilia maombi kabla ya ukaguzi hamwogopi Mungu. Anaogopa pima maji.

Jumamosi ya wiki hiyo ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa harusi. Bila sahihi hakuna malipo, basi kontrakta alivunja sakafu yote na kuimwaga upya kwa simiti aliyoinunua mwenyewe, na maharusi walipohamia uwanjani, tenti akalipia yeye.