Nilipiga hodi kwenye kibanda cha kuangalia ndege Dubai, flamingo wote wakanikimbia

Habari za wikiendi wakuu. Hii siyo chai, mwenye mashaka aulize nitamjibu.

Mimi nipo Dubai, kazini ni godauni la spea za magari Ras Al Khor, kulala Muhaisnah. Basi la kampuni linapita kando ya hifadhi ya ndege, na winter ikifika, ukichungulia dirishani unaona vidoti vya pinki kule majini. Ndiyo flamingo hao.

Nikajichanganya kumsimulia binti yangu Neema, yupo darasa la pili Njombe.

Naye akaenda kutangaza shuleni kwamba baba yake anapishana na ndege wa pinki kila siku. Wenzake wakasema hakuna ndege wa hivyo, labda wa kuchorwa. Wakampa na jina kabisa, Neema Muongo. Mke wangu akaniambia mtoto anarudi analia, shule haitaki tena.

Wakuu, hilo liliniuma sana. Nikaapa off yangu ya kwanza naenda kuchukua video.

Jumapili asubuhi roommate wangu Otieno, Mkenya, ananiangalia nilivyovaa tisheti.

"Buda, beba jacket. Baridi ya kwa maji ni noma."

Nikamcheka. Mtu wa Njombe atishwe na baridi ya jangwani?

Jamani, ule upepo usikieni tu kwa watu. Natembea nimejikumbatia, meno yanagongana. Ila raha ilikuwepo! Ukungu juu ya mikoko, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, ndege wadogo vitwitwi wanachokoa matope, na tai mmoja ametulia juu ya nguzo anamaliza samaki wake. Nyuma yao maghorofa ya mji yamejipanga.

Mwisho wa njia kuna kibanda cha mbao ambacho watu wanakaa ndani kuangalia ndege kupitia vidirisha. Mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa mimi nimelelewa, siingii mlango wa mtu hivi hivi. Na sauti yangu ni ya godauni, imezoea kushindana na forklift.

"HODI!"

Flamingo waliokuwa karibu wakainuka wote kwa pamoja, mabawa mekundu na meusi, wakaenda kutua mbali kabisa upande wa pili. Nikasukuma mlango, mle ndani mzungu mmoja anashusha kamera taratibu kama mtu aliyepokea simu ya msiba.

Nimeganda pale mlangoni, nasikia sauti ya mama kutoka kwenye kona.

"Karibu. Ila siku nyengine, hodi ya hapa hupigwa kimoyomoyo, mwanangu."

Alikuwa mama mtu mzima, Mzanzibari, familia yao imekaa Dubai miaka na miaka. Mbele yake kuna darubini kubwa ya miguu mitatu. Nikamwamkia, nikamweleza habari za Neema kwa kunong'ona. Simu yangu hata nikivuta zoom, naona punje za mchele tu. Niliona nimeshamwangusha mtoto.

"Lete hiyo simu," akasema. Akaibandika kwenye jicho la darubini, akanishikisha. "Haya, tulia. Hao sie twawaita heroe."

Wakuu, wakajaa kioo kizima! Pinki kweli kweli, wamezamisha midomo majini wanakula. Baridi bado inanichapa, yule mama akanitupia shali lake mabegani, nikaendelea kurekodi huku nanong'ona, "Neema mwanangu, hawa hapa. Baba anakuonyesha."

Jumatatu mke wangu akaenda na simu mpaka getini kwa shule. Jioni akanitumia voice note. Anasema watoto walijazana wakapiga kelele, na yule kinara wa kumzomea ndiye aliyeomba irudiwe. Kesi ikaisha, khalas, wakaanza kutawanyika.

Neema akawazuia.

"Subirini, haijaisha. Hapa mbele baba anataja jina langu."

Nililia wakuu, sifichi.

Nilichojifunza: mlio mbali na watoto, mkirekodi kitu msikae kimya. Ongeeni humo ndani, hata kwa kunong'ona, mtoto ajue ni nyie.

Nanyi mlio ughaibuni, watoto wenu wanawadai video ya nini? Shusheni hapa. Watu wa Njombe najua mnakuja kunisema kuhusu lile shali, karibuni tu.