Aliyeitikia Jina la Nyasani

Mume wangu, Walter Nyasani, hapandi gari. Mimi Persis nilikwenda kwenye harusi yangu mwenyewe kwa miguu, mwaka 1971, viatu mkononi, tope hadi magotini, na shangazi zangu wakinicheka njia nzima. Nikadhani nimeolewa na bahili. Nilikasirika mwaka mzima.

Kisha kulikuwa na lile jambo la darasani. Asubuhi akiita majina, mtoto akimwitikia mwenzake aliyechelewa, Walter huweka kalamu chini na kutoka nje. Walimu wenzake walisema ana hasira za karibu. Mimi nilimwona mara moja amesimama nyuma ya darasa, uso ameuelekeza ukutani, nikaogopa kumuuliza.

Kanisani kwetu Masimba, sisi Wasabato, kila mtu alijua kisa chake, au alidhani anakijua. Mwaka 1967 Walter alikuwa chuo cha ualimu mjini Kisii. Likizo ikiisha, lango la chuo lilifungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, na Jumapili basi halikuwepo. Wenye baiskeli walipanda baiskeli. Wengine, Wasabato kwa Wakatoliki, walitembea, sanduku kichwani, wakikata vilima. Lakini Jumamosi lilipita lori la ndizi, na kando ya dereva palikuwa na kiti kimoja. Msabato hakukigusa, maana Jumamosi ndiyo Sabato, hakuna safari. Jumamosi moja kikapandwa na Makori, Mkatoliki, rafiki yake Walter, na lori likapinduka mtoni, akafa. Walter akapona kwa sababu alikuwa kanisani. Kila mwaka baba mkwe wangu, mzee wa kanisa Manasseh, alimsimamisha atoe ushuhuda, naye aliutoa akitazama viatu vyake.

Mwaka 1977 binti yetu Mokeira, mwenye miaka mitano, alirudi kutoka kanisani akasema, "Baba, Makori alikufa kwa sababu hakumngoja Mungu, si ndiyo?"

Walter aliinuka. Alivaa koti, akaniambia, "Twende kwa mama yake Makori."

Tulimkuta Nyamoita mlangoni anachambua chinsaga, mboga ya jioni. Hatukuwa tumekaa vizuri Walter alipoanza.

"Mama, kile kiti kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyemwomba dereva aniwekee. Nilikuwa na viatu vipya, sikutaka tope. Nilitoroka kanisani kabla ya mahubiri."

Nilimtazama mume wangu kama mgeni. Akaendelea, haraka haraka. Makori alikuwa amemsindikiza tu, amembebea sanduku. Lori lilipofika, Walter akamwona baba yake anakuja barabarani akimtafuta. Akajificha nyuma ya duka. Tanboi, utingo wa lile lori, naye akaanza kupiga kelele, "Nyasani ako wapi? Hii lori haingoji mtu! Nyasani!"

"Baba angesikia," Walter alisema. "Nikamwambia Makori aitikie, apande yeye. Alikataa. Nikamsukuma. Akaitikia, 'Niko hapa.' Basi nikarudi kanisani kwa njia ya nyuma. Mchana mtu akaingia akalia kwamba Nyasani amekufa, maana tanboi alilijua jina hilo tu. Kanisa zima likageuka kunitazama nimekaa kwenye benchi. Baba akanikumbatia akisema Sabato imenilinda. Hakuna aliyeuliza jina langu lilifikaje kwenye lori. Nikanyamaza. Mpaka leo, mama, nikisikia gari namsikia akiitikia."

Nyamoita alikuwa ameshika jani moja mkononi muda wote huo.

"Kwa hivyo hakutaka kupanda?"

"Hakutaka. Alisema amekuahidi ataenda misa ya Jumapili nawe kwanza, halafu atembee."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, mama."

Nilimngoja alie, au atufukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Miaka kumi namgombeza mtoto huyu," alisema. "Kila nikipita kaburini namuuliza, ulikuwa unakimbilia nini na mimi nilikuambia ungoje? Miaka kumi, Nyasani."

Akainuka akaenda nyuma ya migomba, alikozikwa mwanawe. Tulimsikia akizungumza kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakumtazama Walter.

"Mtasali Jumamosi?"

"Tutasali, mama."

"Nitakuja."

Akaja, na rozari yake shingoni, akaketi nyuma yetu katikati ya Wasabato waliomkodolea macho. Walter alikuwa hajala tangu jana yake. Nilijua anachokiogopa: baba mkwe alikuwa mzee sasa, na ushuhuda ule ndio uliokuwa fahari yake yote duniani. Nilimhurumia mume wangu, na nilitaka pia kumchapa.

Ilipofika zamu ya ushuhuda wa kila mwaka, Mzee Manasseh akasimama mbele, akitabasamu, akaita, "Nyasani!"

Walter hakusogea. Mzee akaita tena. Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kama siku ile.

Nyamoita akainama mbele, akamwekea mkono begani.

"Itikia," alimwambia. "Leo itikia mwenyewe."