Mama Anayekikataa Cheti cha Mwanawe

Jua la Aprili halijachomoza vizuri, na mkanda wa viazi umeshaanza kuzunguka. Lorraine Thibodeau, mwenye miaka hamsini na mmoja, amesimama mahali pake pa siku zote akinyofoa mawe na viazi vilivyooza kabla havijaingia mifukoni. Kwa saa analipwa dola kumi na saba, na mgongo humuuma bure.

Leo saa tatu ana kikao shuleni, na kikao chenyewe anakitilia shaka tangu siku alipopigiwa simu.

"Miaka yote huomba mimi, naambiwa nisubiri," anasema bila kuinua macho. "Mwaka huu wamenipigia wao, tena kwa sauti tamu. Sauti ile nimeisikia kwa wauza magari."

Kikao kinamhusu kitinda mimba wake, Emile, kijana wa miaka kumi na minane mwenye usonji. Juni darasa lake linamaliza sekondari.

Huku kaskazini mwa Maine, wazazi wa watoto kama Emile wameshajifunza jambo moja, wengine kwa machozi. Mtoto akipokea cheti halisi, shule imemalizana naye. Asipokipokea, sheria inaibana shule iendelee kumfundisha kazi na maisha mpaka atimize miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana wapo wanaopanda jukwaani na majoho kama wenzao, wakapewa mkono, wakapigiwa makofi, kisha wakashuka na jalada lisilo na kitu ndani.

Wifi yake, Gilberte Ouellette, hakuyajua hayo. Mwanawe Réjean alipewa cheti halisi miaka miwili iliyopita. Ndugu wakaja kutoka Quebec, nyama ikachomwa. Shule zilipofunguliwa tena, Réjean akavaa, akabeba begi, akasimama barabarani. Basi likapita bila hata kupunguza mwendo.

"Sasa anaamkia televisheni, analalia televisheni," anasema Gilberte. "Nimlaumu nani? Siku ile mpiga picha nilikuwa mimi."

Kwa hiyo Lorraine hakwenda kikaoni peke yake. Alimchukua wifi yake awe macho ya pili. Walipoingia wakakuta sahani ya donati mezani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Lorraine akamnong'oneza mwenzake asiguse.

"Nimeshakula moja," Gilberte akajibu, sukari mdomoni. "Lakini sijakubali chochote."

Bi. Haskell, mwalimu anayesimamia wanafunzi wenye ulemavu, alieleza kwamba Emile amefaulu masomo yote yanayotakiwa, na kwamba chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, alikofanya mazoezi majira ya baridi, kingependa kumwajiri. Lorraine alisikia mambo mawili kwa mpigo: wanamsukuma nje, na wameshapata pa kumtupa.

Akawapa mpango wake. Emile abaki shuleni mpaka umri wa mwisho, halafu aje kwenye viazi, asimame kando yake. Msimamizi ameshakubali. Na kazi kijana anaijua, kwa sababu kila vuli shule zinapofungwa kwa ajili ya mavuno, wamekuwa wakipanda wote wawili kwenye mashine ya kuvunia, yeye na mama yake. Bondeni huku, mtoto asiyevuna viazi husemwa.

Bi. Haskell akasema ni vema Emile, aliyeketi pale pale mezani, aulizwe mwenyewe.

"Mmeshamfundisha la kujibu," Lorraine akamkata.

"Basi muulize wewe, Mama Emile. Sisi tunatoka."

Bi. Haskell na walimu wenzake wakatoka kweli, na Gilberte naye akawafuata, akiwaangalia visogo. Mama na mwana wakabaki na donati. Lorraine anasimulia kwamba aliuliza kwa upole, akijua jibu.

"Sitaki viazi," Emile akasema, macho mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mawe yanapiga chuma. Sijui yatapiga saa ngapi."

"Mbona kila mwaka ulikuwa unakuja?"

"Siku za mavuno ulikuwa unaamka umefurahi."

Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba kule kwenye kufulia mashine zina sauti moja tu, na mashuka yakitoka yana joto.

Lorraine, aliyerudi mkandani baada ya kikao, anavuta glavu zake, anazivaa upya. "Pale mezani nilichunguza mkono wa kila mtu, nani ameficha nini," anasema. "Wangu sikuutazama."

Wenzao waliporudi, hakuwa amelainika. Kazi ya kufulia akaikubali, lakini cheti akakikataa. Bi. Haskell akasema sawa, inawezekana. Akasema upesi mno, na upesi huo ukamtia Lorraine shaka mpya, akadai kila neno liandikwe kabla mtu hajainuka kitini. Emile atapanda jukwaani na wenzake na kushuka na jalada tupu. Asubuhi atafua kwa mshahara ule ule wa wengine, akiwa na msimamizi wa shule. Mchana atajifunza kupika na kusafiri peke yake.

Réjean je? Gilberte aliuliza mlangoni. Bi. Haskell akasema ataulizia ofisi inayowatafutia kazi watu wazima wenye ulemavu. Gilberte akajibu kwamba atakuja Ijumaa kumkumbusha, na Ijumaa itakayofuata pia.

Wiki ijayo, Emile akishaanza kazi, Lorraine anapanga kwenda kwenye nyumba ya wazee bila kutoa taarifa, aone kama mwanawe anafanyishwa kazi au anakalishwa tu pembeni. Emile amemruhusu, kwa sharti kwamba asiingie ndani, akae garini.

"Nitakaa garini," anasema, na jiwe linatua ndooni. "Kioo nitakishusha."