Merikebu Nilizomsomea Baba

Juzi kiyoyozi cha ofisini kwetu Lusail, jirani na Doha, kilivuja wikendi nzima, na Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, nilipofungua stoo nilipokewa na harufu ya katoni iliyoloa. Wenzangu walishika pua. Mimi nilibaki pale kama mjinga, nikiivuta kwa nguvu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu hapa Doha nilipokuwa na miaka tisa.

Mama alikuwa nesi. Nikitoka shule nilijifungulia mlango kwa ufunguo niliouvaa shingoni, na mpaka atoke zamu, mimi na friji ndio tuliozungumza. Jua lilichoma, madirisha hayakufunguliwa, na hakukuwa na mtoto wa kucheza naye. Baba, fundi wa mabati, alibaki Kitale akisubiri viza ya kuja kuishi nasi. Kila nilipouliza anakuja lini, mama alijibu, "Subira huvuta heri." Nami niliivuta hiyo heri mpaka mikono ikachoka.

Basi mwalimu akatupa kazi: kila mtoto aunde chombo cha kale na kueleza historia yake. Mimi nikaangukia merikebu za Waviking, wale mabaharia wa kaskazini ya Ulaya, pamoja na kitabu kimoja cha maktaba. Baba alinipigia kila siku saa tisa alasiri akiwa juu ya paa la mtu. Nilisikia nyundo za wenzake. "Tengeneza polepole, kamama," aliniambia. "Ukimaliza nitakuja kuiona."

Mnaweza kufikiria nilivyoshika makasi. Mashua zao za kwanza zilikuwa za makasia tu, bila tanga, kwa hiyo nikaona kazi ni nyepesi. Nikagandisha vipande vya katoni kuanzia juu kwenda chini, nikaitia kwenye beseni, ikajaa maji papo hapo. Baba alicheka. "Umeanzia juu! Hata paa huanzia chini, bati la juu likalalia la chini." Nikafungua kitabu, na kweli, Waviking nao walizilaza mbao zao vivyo hivyo, wakazikaza kwa chuma na kuziba nafasi kwa sufu iliyopakwa lami. Nilimwonea baba fahari kana kwamba ndiye aliyewafundisha.

Lakini hakutosheka. "Wakaishia hapo? Hawakuboresha?" Nikasoma mbele. Walikuja kuweka gogo moja refu chini ya chombo, linaloshikilia kila kitu. Sikujua jina lake kwa Kiswahili, na mama, mtu wa bara, hakulijua pia. Anko Salim wa Kilifi, mlinzi wa jengo letu, ndiye aliyeniambia linaitwa mkuku. Nilingoja saa tisa kwa hamu.

"Waliweka nini?"

"Mkuku, Baba. Bila mkuku mlingoti hausimami vizuri."

"Sasa hiyo kuku inashika mlingoti aje?"

Nilicheka peke yangu katika nyumba tupu mpaka kwikwi ikanishika.

Baada ya mkuku akataka mlingoti, na baada ya mlingoti, tanga. Kisha akauliza kama watu hao hawakuwa na mizigo, nikaunda nyingine, fupi, ya tumbo pana, ya kubebea nafaka na mifugo. Kila nilipodhani nimefika, alisema, "Halafu?" Nilianza kumwona msumbufu. Siku ambazo mama alikuwa nyumbani akitusikia, aliingia jikoni akafungua bomba, na hakuna sahani iliyooshwa.

Hatimaye kurasa zikaisha. Nikamsomea kwamba zilitokea meli nyingine za ubavu wa juu, zenye kubeba zaidi, na zile za Waviking zikaachwa. Nikafunga kitabu. "Nimemaliza, Baba. Sasa njoo."

Nyundo ziligonga kidogo. Kisha akasema, "Nisomee tena kuanzia mwanzo, kamama. Huku kulikuwa na kelele."

Nilikasirika. Wiki zote hizo nahangaika, kumbe hasikilizi! Nikamwambia ajisomee mwenyewe, nikakata simu. Siku ya maonyesho nilisimama kando ya vyombo vyangu vitatu, wazazi wa wenzangu wakinipita, na kiti nilichokuwa nimemwekea nikakirudisha mwenyewe darasani.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaajiriwa, ndipo mama aliponieleza, Ijumaa moja, siku ya mapumziko huku, tukitoka kanisani Mesaimeer. Viza ilikataliwa kabla hata sijasimamisha mlingoti. Baba alimsihi asiniambie. Angeniambia mwenyewe nikimaliza. Nikamaliza, akashindwa. Wala kelele za nyundo hazikumzuia kusikia. Alikuwa akimsimulia mama kila neno nililosoma. Alikuwa akiniomba siku chache zaidi za kuwa baba yangu saa tisa alasiri, nami nikamnyima.