Nusu ya Neno Aliloelewa Simba

Kuna alasiri moja ya baridi ambayo hunirudia kila nimwonapo mtoto amemkumbatia mbwa, mwanangu (nakuita hivyo kwa umri tu), nami huvitazama kwanza vidole vya mtoto, ndipo niutazame uso wake.

Tulikuwa tukiishi ughaibuni, mji wa Columbia Heights, katika nyumba ya kupanga yenye kiuwanja nyuma. Binti yetu Imani alikuwa hajaanza shule. Mama yake alinishawishi tuchukue mbwa wa jamii ya retriva, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, nasi tukamwita Simba, kama walivyoitwa mbwa wengi wa mtaa wetu kule Nakuru. Ila wale wa Nakuru walifungiwa bandani mchana kutwa, na langoni paliandikwa “Mbwa Kali”. Mimi nilikuwa nimesoma hadi chuo kikuu, lakini miguu yangu haikuwa imesoma: mbwa akikaribia, yenyewe ilitaka kukimbia.

Nilijaribu kumwelewa kwa kusoma. Retriva walizalishwa ili wamfuate mwindaji, waogelee hadi alipoangukia bata, wambebe kinywani pasipo kumponda, kisha wampeleke kwa mwindaji. Ndiyo maana Simba hakutulia bila kitu mdomoni: kandambili, soksi, hata mwiko wa ugali. Mke wangu na Imani walicheka. Mimi niliyatazama meno.

Alasiri hiyo, siku ya Jumapili, alitutembelea shangazi yangu, muuguzi katika makao ya wazee mji jirani wa Fridley. Alimkuta Simba amejinyoosha kwenye kochi.

“Huyu ndiye mwenye nyumba, au nimekosea mlango?”

“Karibu, Shangazi. Atakupisha.”

“Basi anipishe sasa, na manyoya yake aende nayo.”

Ili nimfurahishe, nilirusha soksi na kusema, “Shika!” Kwetu neno hilo huambiwa mbwa amrukie mwizi, mimi nilikuwa nimeligeuza kuwa la mchezo, na nilijivunia jambo hilo. Simba aliikimbilia soksi, akarudi nayo akitikisa mkia. Shangazi hakucheka.

“Na akishashika, unamwambiaje aachie?”

“Huachia mwenyewe akichoka.”

“Akichoka,” akarudia, akavuta sahani ya chapati.

Baada ya chakula Imani alitoka kucheza kwenye theluji pamoja na Simba. Nikagundua amesahau glavu moja. Nilitoka nayo, nikainama, nikamnyooshea. “Imani, shika!”

Imani alinyoosha mkono. Simba naye alikuwa amelisikia neno lake. Kinywa chake kikajifunga juu ya glavu, na juu ya mkono wa binti yangu ulioishika.

Mwanangu, sijui kama umewahi kumwona mwanao akikutazama usoni ili ajue kama aogope. Nilitaka kumrukia mbwa shingoni.

“Usimguse!” Shangazi alikuwa mlangoni. “Imani, mama, usivute mkono. Tulia hivyo hivyo. Wewe nawe tulia! Mkivutana naye ataona ni mchezo, atazidi kukaza.”

Nikasimama. “Achia!” nikasema. “Toa! Wacha!” Simba alinitazama kwa upendo wote aliokuwa nao, akatikisa mkia. Hakuna hata neno moja kati ya hayo tulilowahi kumfundisha. Tulikuwa tumempa “shika”, basi.

Shangazi alishuka thelujini na ndara zake, kipande cha chapati mkononi, akakipeleka taratibu puani pa mbwa. Kinywa kikafunguka. Mkono ukatoka umelowa mate, mzima, bila mkwaruzo. Imani aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba ulimi wa Simba ulimtekenya.

Nilimnyanyua, nikambana kifuani hata akaanza kulalamika.

“Na wewe, mwachie mtoto apumue,” akasema Shangazi. Kisha, sauti ikiwa imeshuka: “Kazini kwangu wazee waliopoteza kumbukumbu hunishika mkono hivyo. Ukijinyofoa, wanakaza. Unawapa kitu kingine cha kushika. Mbwa wako hana kosa. Ulimfundisha nusu ya neno.”

Jioni ile nilitaka Simba aondoke. Mke wangu hakukubali, nami sikuwa na hoja, nilikuwa na hofu tu. Tukaanza somo la pili: mpira kwa kipande cha chapati, soksi kwa kipande cha karoti, na kila mara neno “achia”. Alilielewa upesi kuliko mimi. Siku hizi Imani anaendesha gari barabara zikiwa na barafu, na kila anapotoka mimi husimama dirishani nikijikumbusha neno hilo hilo.

Kwa hiyo mwanangu, kama watoto wako wanakuomba retriva, mchukue. Ni mbwa wa watu. Lakini jua kwamba kinywa chake ndicho mkono wake, na usimwache peke yake na mtoto mdogo hata akiwa mpole namna gani. Kabla hujamfundisha kushika, mfundishe kuachia, tena kwa kumpa kitu badala ya kumnyang’anya. Na siku hofu itakapokukaba, tuliza mikono yako kwanza, kwa maana mtoto anakutazama wewe.

Mungu akulindie wanao na vidole vyao vyote. Akupe mkono unaojua kushika, na saa ikifika, akupe pia nguvu ya kuufungua.